Beki wa Kushoto Aliyepanda Mno

Jana nililala na hasira ya kufungwa tatu bila, na kabla hata sijageukia ukutani niliota niko sebuleni kwa dada yangu Nyamizi, ambamo walikuwa wamechora uwanja wa mpira.

Hakuna aliyeona ajabu. Chokaa ilipita chini ya kochi, ikazunguka kabati la vyombo, na penye mlango wa jikoni pamesimamishwa goli. Mwamba wa juu ulikuwa unalalamika mgongo. Kwenye kiti kikubwa umeketi Mpira wenyewe, umevaa miwani ya Nyamizi ya kusomea.

"Karibu, mchambuzi," ukasema. "Tusomee."

Nilikuwa na daftari langu, kurasa arobaini. Nikasoma kwa sauti nzito kwamba Nyuki FC ya Sikonge imefungwa na Chuma Rangers kwa sababu ya beki wa kushoto, na kwamba mabao yote matatu yalipitia upande wake.

Huyo beki ni Shija, mtoto wa Nyamizi, mpwa wangu wa damu. Nilikuwa nimeshayasema hayo nikiwa macho. Baada ya mechi nilirekodi sauti ya dakika kumi na moja nikaitupia kwenye kundi la tawi letu la mashabiki, watu mia mbili na kumi na nne, nikaeleza kwamba kijana amecheza kama mtu aliyetumwa chumvi akasahau duka. Watu walicheka sana. Nyamizi aliandika maneno mawili tu: "Asante, kaka." Jioni nikasikia kwamba Jumatatu Shija anarudisha jezi, mpira basi. Nikajiambia mchambuzi haangalii undugu.

"Shahidi wa kwanza," unasema Mpira, "ni Uwazi, ule uliokuwa nyuma ya beki wa kushoto."

Uwazi ni bwana mnene. Amejaza kochi la watu watatu na bado anapumua kwa shida.

"Mechi ilipoanza nilikuwa mwembamba," anasema. "Upenyo tu, hata paka hapiti. Nimeanza kunenepa dakika ya ishirini."

"Ulikuwa unakula nini?" namuuliza kwa ukali.

"Sauti."

"Sauti ya nani?"

Akanitazama, na sebule ikaondoka. Nikajikuta uwanjani, saa kumi jioni, jua kali. Nikageuka kuwatazama mashabiki jukwaani. Wote walikuwa mimi. Mia nane mimi, kofia ya njano ileile, mmoja wetu anatafuna karanga kwa utulivu. Na wote tunapiga kelele: "Panda, Shija! Panda, mwanangu, panda!"

Kwenye benchi kocha alikuwa peke yake, sauti imemkauka. "Baki! Baki nyuma!"

Shija akamtazama kocha, kisha akatutazama sisi wajomba mia nane. Huyu ni mtoto aliyelelewa na Nyamizi. Hawezi kunipita njiani bila shikamoo, hata akiwa na ndoo kichwani.

"Naam, Mjomba," akasema, akapanda.

Akampita winga, akampita kipa wa Chuma Rangers, ambaye alimpisha kwa heshima. Akakanyaga wavu, akakanyaga mwamba. "Taratibu, mgongo!" ukasema mwamba. Kisha akaendelea hewani, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye wingu dogo akakaa. Huku chini, mtu mmoja wa Chuma Rangers alitembea na mpira bila haraka, akasalimiana na Uwazi, akafunga.

"Mjomba!" Shija akaita kutoka juu. "Nimefika. Nifanye nini sasa?"

Wote mia nane tukatazamana. Nikapekua daftari, kurasa arobaini, hapakuwa na hata mstari mmoja wa kumwambia. Niliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Shuka basi," nikasema.

"Sikusikii, Mjomba!"

Kweli hakusikia. Sauti yangu ilikuwa ya kifaranga. Kwenye kibendera cha kona amesimama Nyamizi, ameshika sahani ya ugali iliyofunikwa kawa, anatazama juu. Laiti angenitukana.

"Kaka," akasema, "chakula cha mtoto kinapoa."

Mpira ukabiringika hadi miguuni pangu. "Alikusikia ulipompandisha kwa sababu ulisema mbele za watu. Kumshusha nako ni hivyohivyo."

"Watu gani?"

"Wale wa dakika kumi na moja."

Walikuwa wameshakaa. Mia mbili na kumi na nne, kila mmoja amekuja vilevile alivyo kwenye picha yake ya simu: mawaridi, simba, vitoto vichanga, lori moja la mizigo. Katibu wa tawi alikuwa gari ambalo si lake.

Nikasimama.

"Ndugu wanachama, mabao yote matatu ni yangu. Kijana alikuwa mahali pake. Mimi ndiye niliyemwita juu, na alipofika sikuwa na la kumwambia. Shija, mwanangu, nisamehe. Shuka. Uchambuzi wangu umeishia hapo."

Waridi moja likapiga makofi. Lori likapiga honi, ndefu. Shija akateleza kutoka winguni, miguu mbele, akatua mahali pake hasa, na Uwazi akanywea mpaka akawa uzi, akaaga vizuri akaondoka. Wajomba wengine wote wakaenda makwao. Mwamba ulisahau mgongo ukaanza kucheza ngoma. Kocha alinikumbatia akalia, Nyamizi akapiga vigelegele, na Shija akarusha mpira kwa mkono mmoja huku wa pili unamega ugali, na mwamuzi akasema mradi amenawa ni halali. Sijawahi kufurahi hivyo uwanjani, na wala hatukuwa tumeshinda.

Nikaamka jua limeshaingia ndani, simu iko kifuani. Kwenye kundi la tawi palikuwa na sauti mpya kutoka namba yangu, ya saa kumi na mbili asubuhi, sekunde arobaini. Nikaibonyeza. Ni mimi, nimelemewa na usingizi: "Ndugu wanachama..." Na nyuma yangu, vigelegele na honi ya lori. Mtaani kwetu lori halifiki, kuna kidaraja cha mbao.

Chini yake Shija alikuwa ameandika:

"Shikamoo Mjomba. Jumamosi nacheza. Uje, ila ukae upande wa pili wa uwanja. Na timu zikibadilishana magoli, na wewe uhame."