Mbao za Chini ya Ukuta wa Nguma

Umeipita nyumba hii, usiseme hukuipita. Ukishuka kivukoni Likoni ukashika njia ya mchanga ya kwenda Shelly Beach, iko mkono wa kulia, imeinama kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Ukifika mbele yake unakumbuka ghafla kwamba una haraka. Unawatazama kuku wa jirani, unavitazama viatu vyako, ukuta huutazami. Wenye nyumba wamekuona. Wamekuona mwaka baada ya mwaka, na sura yako hawajaisahau.

Mwenyewe ni Nguma, kuli wa bandarini, mtu wa mgongo mpana ambao siku hizi haunyooki vizuri. Jumamosi moja, masika yakiwa yananukia, alirudi kutoka kazini adhuhuri akamkuta mkewe Nyamvula amepiga magoti ndani, ufagio kando, kidole amekitia kwenye ubao.

"Baba Sidi, njoo utie kidole chako hapa."

"Nimechoka."

"Kidole hakibebi magunia. Kitie."

Akakitia. Kikazama kama kwenye uji uliopoa. Ubao ulikuwa umebaki ngozi ya rangi nyeupe tu. Ndani ulikuwa umejaa udongo wa mchwa.

Mbao zenyewe zilizunguka chumba kizima, zimepigiliwa misumari chini kabisa ya ukuta, pale ukuta unapokutana na sakafu. Nyumba ya udongo na makuti haina haja na kitu kama hicho. Lakini wakati wa vita vikuu vya pili, kabla hajaingia bandarini, Nguma alikuwa mtumishi katika nyumba ya Mzungu mmoja kule ufukweni, na kazi yake kila asubuhi ilikuwa kutambaa kwa magoti akizipangusa mbao za namna hiyo, chumba baada ya chumba, maana memsahebu hakutaka kuona vumbi juu yake. Katika nyumba ile hapakuwa na aliyezijua mbao hizo kwa karibu ila yeye. Mzungu alipotia mpya, zile za zamani zilitupwa nyuma ya banda la gari. Nguma akaziomba, akazibeba kichwani mpaka kwake, akazipigilia mwenyewe. Alipomaliza aliketi juu ya kigoda katikati ya chumba akazitazama mpaka chakula kikapoa. Safari hii hapakuwa na wa kumwambia apige magoti.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Ukuta wa udongo una wenyewe, nao ni wanawake. Kila mwaka kabla ya mvua Nyamvula alikuwa akikanda udongo na kuwaita wenzake, wakaukandika ukuta upya kutoka juu hadi chini. Wakifika chini ndipo walipotia mkono kwa nguvu, kwa kuwa ndipo maji yanapogonga na ndipo mchwa anapoanzia safari yake. Tangu mbao zilipokuja, mkono wake uliishia pale ubao ulipoanzia. Hakutaka kupaka tope pambo la mumewe. Nyuma ya ile rangi nyeupe ukuta haukuguswa tena.

"Ungeniambia," alisema Nguma.

"Nilikwambia. Ukanijibu kwamba kwa Mzungu kuta hazikandikwi."

Nguma alilikumbuka jibu lile, na alikumbuka jinsi alivyolitoa kwa majivuno.

"Tutatia mpya," alisema mwishowe. "Bandarini makasha yanavunjwa kila siku. Nitaomba mbao."

"Uzipigilie juu ya nini?"

Nguma akachukua mtaimbo ili amwonyeshe juu ya nini. Ubao wa kwanza ulitoka bila ubishi, misumari ikitoka nao kama meno ya mtu mzima sana. Nyuma yake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mwanga wa uani, na mguu wa kuku uliokuwa ukipita zake. Nguzo zilikuwa zimeliwa chini zote, zimebaki zikining'inia kutoka kwenye paa badala ya kulibeba. Makuti yakalia juu ya vichwa vyao. Nguma akaurudisha ubao kwa mikono miwili, akaugandamiza kwa goti, akabaki hivyo hivyo.

"Kumbe ndizo zinazoushikilia ukuta," alisema.

"Rangi na mavi ya mchwa," alisema Nyamvula. "Na wewe na goti lako."

Sasa sikiza jambo ambalo unalijua, na kama hulijui ni kwa kuwa hukutaka kulijua. Nyumba ni ya Nguma, lakini ardhi si yake. Amejenga juu ya ardhi ya mtu, analipa kodi ya kiwanja, na masharti yote ni ya mdomo. Usijenge kwa jiwe. Usitie saruji. Usiongeze kitu cha kudumu. Kuikarabati nyumba iliyosimama hukatazwi. Lakini siku itakapoanguka, siku hiyo hiyo kiwanja kimerudi kwa mwenyewe, nawe beba vyungu vyako. Mwenye ardhi haonekani. Anayeonekana ni msimamizi wake, Bakari, ambaye kila mwaka kabla ya mvua huzunguka na bakora yake akizigonga kuta, kama mnunuzi anayezigusa mbavu za ng'ombe. Ni adabu yake kugonga polepole. Nyumba zilizoanguka kwa mgongo wa adabu hiyo, waulize waliohamia Ziwa la Ng'ombe, watakuonyesha na mahali palipokuwa na jiko lao.

Bakari huyo alipiga hodi alasiri ile ile, kanzu imepigwa pasi, akasimama mlangoni bila kuingia. Nguma alikuwa ameuegemeza mguu wake kwenye ubao kama mtu anayepumzika.

"Salaam, Nguma. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Bwana Bakari, nilitaka kukuuliza. Hizi mbao zimezeeka. Nikitia nyingine?"

Bakari akazitazama, akacheka kidogo. "Hizo za zamani nilizikuta nikanyamaza. Mpya ni ujenzi. Nikikuruhusu wewe ubao leo, kesho Ishaka ataniletea saruji."

"Na nikizitoa?"

"Zitoe. Nyumba si yako?" Akageuka kwenda zake, kisha akasita. "Jumatatu nitapita na bakora yangu. Mvua iko karibu, wallahi nawahurumia watu wa kuta za udongo."

Alipokwisha kuondoka, Nguma aliketi sakafuni mgongo ukiwa ukutani. Uchovu alioutoa bandarini haukuwa kitu. Huu ulikuwa mwingine, uchovu wa mtu aliyewahi kufurahi kwa kitu kisha akaonyeshwa kitu chenyewe kilikuwa nini.

"Tuzipake chokaa," alisema. "Jumatatu apite, asione kitu. Halafu tutaangalia."

"Apite," alisema Nyamvula. "Na mvua nayo utaipaka chokaa?"

Nguma akaukwangua ubao kwa ukucha.

"Baba Sidi, mimi sikulaumu. Zilikuwa nzuri, hata mimi nilizipenda. Lakini zinaficha, na tukiziacha tutaangukiwa tukiwa tumelala. Zing'oe zote. Nguzo zitolewe moja moja zitiwe nyingine, na mimi nikandike papo hapo mpaka chini. Ni kazi ya asubuhi moja, mikono ikiwepo ya kulishikilia paa."

Nguzo zilikuwepo. Zilikuwa zimelazwa uani, za mkoko mzuri, alizozinunua Nguma ili aongeze chumba cha binti yao Sidi kabla hajaolewa. Bakari akakikataa chumba na Sidi akaolewa. Kilichokosekana ni mikono.

Nguma akaenda kupiga hodi, nyumba baada ya nyumba mpaka kisimani. Kila aliyemfungulia alikuwa mkarimu na kila aliyemfungulia alikuwa na jambo. Huyu ana arusi Mtongwe, yule kiuno, yule hawezi kufanya kazi Jumapili ingawa Nguma hakuwahi kumwona kanisani. Mwisho akafika kwa Ishaka, mkulima, mzaliwa wa pale pale, aliyekuwa akimenya mihogo barazani.

"Kesho nataka mabega yako," alisema Nguma.

"Mabega yangu ni ya Bakari. Muulize yeye."

"Mwaka jana yalikuwa yako. Bandari nzima tulipogoma, ulituletea mihogo gari zima la mkono mpaka kivukoni, na askari wanakuangalia."

"Mwaka jana tulikuwa wengi. Hakuna anayeweza kuwafukuza watu wote."

"Ndiyo maana nimekuja."

Ishaka akamenya mhogo mwingine. "Na wewe nawe. Mbao za Mzungu ndani ya nyumba ya udongo. Ulikosa kinanda tu."

"Kisingeingia mlangoni."

Ishaka akacheka, kisha kicheko kikamtoka usoni. Akaonyesha minazi kwa kisu. "Hii aliipanda babu yangu. Siku ya kuandikisha ardhi aliambiwa aende na mashahidi. Akasema mashahidi wa nini, nani asiyejua kwamba shamba ni langu? Na kweli wote walijua. Wakaangalia kando. Leo mjukuu wake analipa kodi ya kuishi chini ya minazi ya babu."

"Basi kesho utakuja?"

"Inshallah."

"Inshallah ya kuja au ya kutokuja?"

"Ya kuamka nione."

Jumapili asubuhi Nguma alipiga magoti. Alikwisha kuapa kwamba magoti yake na mbao zile basi tena, na sasa aliutia mtaimbo nyuma ya ubao mmoja baada ya mwingine, akizitoa bila hasira, akizipanga nje mlangoni mahali ambapo kila apitaye angeziona. Nyamvula alikuwa uani, udongo ukimfika magotini, akiukanyaga. Hakuwaita wenzake mwaka huu; walijua siku, na hawakuja. Paa likaanza kulia. Nguma akalitia gongo moja lenye panda, akalishikilia kwa bega, na hapo akagundua kwamba aliyeshikilia gongo hawezi kuchimbua nguzo.

Akasikia kikohozi mlangoni. Ishaka, na kamba begani na magongo mengine mawili.

"Nimekiota kile kinanda," alisema. "Sogea."

Wakafanya kazi. Mmoja akishikilia, mmoja akichimbua, Nyamvula akishindilia udongo kwa viganja mpaka chini, kule mkono wake ulikokosa kufika miaka yote ile. Upande wa barazani umekwisha, umesimama wima. Upande wa uani bado. Huko paa ni zito zaidi na nguzo zote zimeoza, na mabega mawili hayawezi kuwa mahali pawili. Ishaka anatetemeka miguu. Nguma amefumba macho, mti umemkaa shingoni. Kutoka baharini wingu limeshuka jeusi, na matone ya kwanza yanagonga makuti.

Mbao ziko njiani, nyeupe, zimeliwa. Hakuna kinachoficha tena. Ukiupita mlango huu leo utaona ndani mpaka mwisho wa nyumba: mwanamke na udongo wake, wanaume wawili chini ya paa, na gongo moja limeegemezwa ukutani halina mtu. Hilo ni lako. Si la jirani yako, si la yule atakayekuja nyuma yako. Weka chini ulichokishika, vua hivyo viatu unavyopenda kuvitazama, uingie, ulitie bega. Sasa hivi, kabla hiyo mvua haijakaza, na kabla ya bakora ya Jumatatu.