Q ya Qamara

Usiku wa jana niliota sweta la mdogo wangu linaniita kwa jina langu la ubatizo.

"Basilisa," lilisema kutoka kwenye msumari, "amka. Kikao cha Chama cha Herufi kinaanza na sisi bado tupo nyumbani."

Sauti ilitoka kwenye shingo ya sweta, mahali kichwa kinapopita. Sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba nje ni mchana na mama hajaniamsha kukamua ng'ombe.

"Kikao cha nini?"

"Cha kuangalia kama Qamara alikuwepo."

Nieleze hapa, kwa asiyetujua. Qamara alikuwa mdogo wangu, ndiye aliyenifuata. Alikufa wakati wa masika, akiwa kidato cha tatu, kwa homa iliyoanzia kichwani. Alikuwa mkimbiaji. Shuleni kwao, mwanafunzi akishinda mashindano ya mkoa huingizwa kwenye Chama cha Herufi. Hukatiwa herufi ya kwanza ya jina lake kwa kitambaa cha njano, ikashonwa kwenye sweta la kijani, kifuani, upande wa moyo. Wenye herufi husimama mbele mstarini na shule nzima huwapigia makofi.

Qamara alishinda mita elfu kumi. Lakini fundi cherehani wa mjini alikuwa na vipande vya boksi vya kufuatishia herufi za Kiswahili tu, na Kiswahili hakina Q. Sisi Wairaqw tunayo. Inatoka kooni, chini kabisa. Mwalimu Ngomuo, wa michezo, akamwambia, "Kamara, chukua K. Nani atajua?" Mdogo wangu akajibu, "Mimi nitajua, mwalimu." Wakakubaliana wasubiri muhula ujao. Muhula ujao ulifika bila yeye.

Kwa hiyo sweta lake halina kitu kifuani.

"Panawasha hapa," lilisema nilipolitungua. "Pale pale pasipo kitu."

Nikalibeba mkononi. Nafungua mlango wa nyumba yetu, ambao siku zote hutokea zizini, nakuta uwanja wa michezo wa shule. Mistari ya chokaa imechorwa. Hakuna mtu. Mvua nyembamba inanyesha juu ya mistari tu, kwingine kote ni kukavu.

Getini amekaa filimbi. Ni filimbi ya plastiki, ya mwamuzi, ukubwa wake kama ng'ombe aliyelala, na amevaa koti la mlinzi. Kila akitaka kusema anavuta pumzi kwanza.

"Mwenye herufi apite. Asiye na herufi aandikishwe."

"Mwandikishe basi mwenye sweta hili. Qamara Sulle."

"Linaanza na nini?"

"Na Q."

"Hiyo sina."

"Basi mwandike bila hiyo."

"Asiye na herufi haandikwi. Na asiyeandikwa hapewi herufi." Akavuta pumzi. "Dada, usinichoshe. Nimelia tangu asubuhi."

"Unamlilia nani?"

"Simlilii mtu, ni kazi." Akageukia pembeni. "Ila yule kijana wa mbio ndefu alikuwa akiondoka kabla sijamaliza kulia. Pita upesi. Wakiniuliza nitasema sikuona. Na kweli sina macho."

Nilipovuka geti nikawa ndani ya ukumbi wa parokia, ule tulionywea chai baada ya mazishi. Vikombe vya siku ile vilikuwa bado havijaoshwa.

Herufi zilikaa kwenye benchi la mbele, zote za njano, zote zimevaa masweta ya kijani. A alikuwa mwenyekiti. Hakuchaguliwa na mtu, ila hajawahi kuwa na mtu mbele yake. C na H walikuwa wamefungwa kamba mguu kwa mguu, kwa kuwa C haruhusiwi kutoka peke yake.

"H," C alinong'ona, "nataka kwenda chooni."

"Tumetoka huko sasa hivi."

"Ulikwenda wewe. Mimi nilikusindikiza."

A aligonga meza. "Ajenda ni moja. Katiba ya chama inasema Q hayupo. Asiyekuwepo hawezi kukimbia. Kuna swali?"

"Alikimbia," nikasema. "Mkoa mzima ulimwona."

"Mkoa mzima ulimwona K. Cheti kinasema Kamara. K, simama."

K akasimama, mguu mmoja mbele kama mtu anayetaka kuondoka. Alikuwa amevaa viatu vya mdogo wangu vya mashindano, kamba hazijafungwa.

"Ni kweli cheti kina mimi," K alisema akiangalia chini. "Nilibandikwa tu. Siku ile sikutoka hata jasho. Nikasikia naitwa, nikainua mkono. Tangu hapo viatu hivi vinanibana, na nikivivua vinarudi."

"Si ungekataa!" sweta likasema.

"Wewe sweta nyamaza, huna mtu ndani," alisema M, mwenye mabega mapana, na benchi zima likacheka.

Nami nilikaribia kucheka, kwa sababu ni kweli. Qamara mwenyewe angecheka. Shuleni walimtania vivyo hivyo. "Wewe Kwamara, meza mate kwanza ndipo ujitaje." Naye alimeza mate kwa makusudi, akalitaja jina lake taratibu kutoka kooni, mpaka waliomtania wakaanza kulijaribu wenyewe na kukohoa.

"Kama hakuna swali, tufute," A alisema. "Kila kilichokuwa chini ya herufi isiyokuwepo, nacho kisiwepo."

Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyeshika kifutio. Nilisikia tu medali yake ikianguka kabatini kwetu, mbali kule nyumbani, kisha nikasikia kwamba haikufika chini.

Nikafungua mdomo kupinga. "Mdogo wangu anaitwa..."

Pakatoka "amara."

Nikarudia. "Amara." Kule chini kooni ilikokuwa inakaa ile herufi, pakawa laini kama mahali palipong'olewa jino. Nikataka kumkumbuka, angalau uso. Nikakumbuka kovu la goti, lakini lilikuwa goti gani? Kulia? Kushoto? Mimi ndiye niliyemwosha kidonda kile. Nikajaribu kukumbuka alivyokuwa akikohoa asubuhi. Nikasikia mtu mwingine akikohoa. Ilikuwa herufi I, amekonda, amejiegemeza ukutani.

Hapo nikaona dirishani, nje, wamesimama wawili wakilowa. Mmoja ni X.

"Mimi usinihurumie," X alisema kupitia kioo. "Wananiita kila siku nije kwenye madaftari kukosesha watoto majibu yao. Sipendwi, lakini nina kazi. Huyu hapa ndiye hana pa kwenda."

Huyu alikuwa Q. Alikuwa mwembamba, na mkia wake umelala kwenye matope.

"Mwenyekiti," nikasema, "yule pale."

A akaangalia dirisha. "Sioni mtu. Akatwe, ashonwe, nami nitamwona."

"Kitambaa kimekwisha," I alisema na kukohoa. "Mimi mwenyewe nilitoka kwenye kipande cha mwisho. Hamnioni nilivyo?"

Wakaanza kukusanya vikombe. Nilijua vikishaoshwa vyote, sitakuwa na mdogo.

"Basilisa," sweta likasema mkononi mwangu. "Nivae."

"Hunitoshi."

"Nimezoea kubanwa na mtu anayehema. Nivae."

Nikalivaa. Ndani lilikuwa na joto, kama limevuliwa sasa hivi. Nilipotoa kichwa kwenye shingo yake, ukumbi haukuwepo tena. Nilikuwa kwenye malisho yetu, chini ya nyumba.

Qamara alifanyia mazoezi hapo. Kila asubuhi aliyazunguka malisho kabla ng'ombe hawajafunguliwa, mpaka nyasi zikafa chini ya miguu yake na njia ikabaki, duara kubwa jekundu. Akimaliza, pale penye jiwe la chumvi ya ng'ombe, alikata moja kwa moja kuja nyumbani, akipiga kelele tangu mbali, "Mama, uji upo?" Tulipomzika, mvua ikaendelea, nyasi zikaota na kufunika kila kitu. Mama hakulia mbele za watu. Alisimama mlangoni akayaangalia malisho, akasema, "Nyasi hazina adabu." Akaingia ndani.

Sasa nakimbia. Mimi si mkimbiaji, mbio zangu ni za kuanua nguo mvua ikija. Miguu ni mizito, kila hatua nainyofoa kama mwiko kwenye ugali uliokaza. Nyasi zinanifika magotini. Mbele yangu kuna mtu. Simwoni, nasikia pumzi zake tu. Naongeza mwendo, naye anaongeza. Hataki nimfikie. Hata alipokuwa hai hakukubali nimfikie.

Ukumbi wa parokia umehamia juu ya kilima. Herufi zimetoa vichwa madirishani.

"Amerudi alipoanzia," A anatangaza. "Naona O."

"Mimi nipo hapa," O anasema. "Nimekaa."

"Basi ni nani yule?"

O anafikiri. "Tumefanana. Ila mimi nazunguka tu, sina kwetu."

"Hapa," sweta linaniambia kifuani. "Alikuwa anakata hapa."

Naliona jiwe la chumvi. Nakata. Napanda moja kwa moja kuelekea nyumbani, pumzi za yule wa mbele zikiwa karibu sana sasa, karibu niweze kuzishika. Zinafika mlangoni kabla yangu. Zinaingia ndani.

Nikasimama kizingitini. Nikameza mate.

"Qamara!"

Likatoka lote.

Juu kilimani, K akavua viatu, na safari hii havikurudi. A akasema bila furaha yoyote, "Ameandikwa."

"Kikao kimefungwa," ilisema rimu ya lori inayogongwa shuleni kama kengele. Ikajigonga yenyewe. "Mpigieni makofi."

Herufi nyingi hazina mikono. Zilizokuwa nayo zilipiga.

Niliamka kumekucha. Sweta lilikuwa kwenye msumari wake, kijani, limenyamaza. Nililiuliza kama ni kweli, likabaki sweta. Nikalia kidogo, kama ninavyofanya asubuhi nyingi, nikavuta blanketi. Ndipo nikahisi miguu yangu. Ilikuwa imelowa mpaka vifundoni, na mbegu za nyasi zimenasa katikati ya vidole.

"Basilisa!" mama aliita kutoka nje. "Nani kanikanyagia malisho yangu? Ng'ombe wote wamefungwa!"

Nikatoka. Alisimama na ndoo ya maziwa mkononi. Malisho yote yalikuwa meupe kwa umande, isipokuwa mstari mmoja wa kijani kibichi, ambapo umande ulikuwa umepukutishwa. Mstari ulizunguka malisho yote na kujiunga wenyewe. Kisha, penye jiwe la chumvi, ulitoa mkia. Mkia ulipanda mteremko, ukapita ubavuni mwa zizi, ukaishia mlangoni kwetu.

"Ng'ombe gani anazunguka hivyo?" mama aliuliza, lakini polepole, si kama anayetaka jibu.

Aliufuata ule mkia kwa macho mpaka kwenye miguu yangu. Akaangalia mbegu za nyasi. Alitua ndoo chini, akaingia ndani kuinjika uji.