Makofi kwa Ninawi

Jumanne jumuiya ilisali kwa Mama Gaudensia, Kipalapala. Katika masomo yao walikuwa wamefika kwa nabii Nahumu, na kwenye benchi la mlangoni alikuwa ameketi askari wa Ninawi, ndevu zimesukwa, vumbi hadi magotini. Gaudensia ana miaka sabini, lakini alipopiga hesabu aliona mgeni amemzidi kwa karne nyingi, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," askari akaitikia.

Alikuwa hapo tangu Jumapili. Hukumu ya dola yao ilitoka yeye akiwa vitani, alieleza, na hakuna aliyewahi kumsomea. Tangu afike alikuwa akimchotea Gaudensia maji, akimbangulia karanga, akicheka hadithi zake hata zile ambazo wanawe wamezichoka. Mama wa watu alimpenda kabisa. Ndiyo maana aliomba wasome Zaburi badala yake.

"Someni tu, mwanangu," mgeni akasema. "Nimetembea kwa ajili hiyo."

Katekista Xavery akasoma juu ya mji uliojaa damu, mpaka mwisho, pale nabii anaposema kila atakayesikia umeanguka atapiga makofi. Jumuiya ile hupigia makofi kila kitu, hata matangazo ya mchango wa bati. Siku hiyo mikono ililala mapajani. Kushangilia msiba wa mgeni mbele yake si adabu.

"Kwani wewe kazi yako ilikuwa nini huko?" Gaudensia akauliza.

"Kufunga mateka kamba shingoni."

Gaudensia akaitazama njia ya zamani ya misafara ya watumwa inayopita nyuma ya shamba lake.

"Kalunde wetu alipitishwa hapo," akasema. "Shangazi ya bibi yangu. Binti mdogo, kamba shingoni, wakaenda naye pwani. Hakurudi."

Akapiga makofi kwa nguvu, huku analia. Wote wakapiga. Askari naye akapiga.

Yalipotulia, askari akauliza, "Na waliomchukua Kalunde, wao walisomewa na nani?"

Xavery akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma.

"Hao walizeeka vitandani mwao," akasema. "Walizikwa kwa heshima."

Gaudensia akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Una bahati, mzee wangu," akamwambia askari. "Wewe umesomewa."

Kisha akamwekea michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye sahani, akamwongezea na mingine, maana alikuwa mgeni wake, na alikuwa bado anampenda.