Nukta Iliyotulia Mno

Nukta nyekundu ilitulia ukutani kama iliyopigiliwa msumari, na hapo ndipo Dobrinka alipoingiwa na wasiwasi. Kamera iliyoimulika nukta hiyo ilikuwa imefungwa kwenye meza ya chuma inayotikisa vitu kama helikopta itikisavyo, na kompyuta ilisema meza inatikisika kwa nguvu zote. Jana, kwa mtikiso uleule, nukta ilirukaruka hadi nje ya duara lililochorwa ukutani. Leo haikusogea hata unywele. Saini ya kuipeleka kamera kwa waokoaji wa milimani ilikuwa yake.

"Umeifanya nini?" alimuuliza Ognyan, mhandisi aliyebuni kifaa cha kuituliza kamera hiyo.

"Nimeirekebisha, shangazi. Si ndiyo kazi yangu?"

"Kwa siku moja?"

"Nikishindwa mzembe, nikifaulu mwongo. Haya, nichagulie!"

Akacheka, na kicheko kile kikamkera Dobrinka. Mkataba wa Ognyan ulikuwa unaisha mwezi ule, na alishaambiwa: kamera isipofaulu, aage. Mwenye njaa hana miiko. Dobrinka akaweka kikombe chake cha kahawa juu ya meza. Kahawa ilitetemeka kidogo tu, haikumwagika hata tone.

"Umeichezea meza wewe!"

"Mimi? Sijaigusa!"

Dobrinka akamwita mkuu wa maabara, Bwana Tonchev. "Kikulacho ki nguoni mwako, mkuu. Huyu anatulisha takwimu za uongo."

Tonchev alitazama kompyuta, akatazama kahawa, akamtaka Ognyan arudishe kadi ya mlangoni. Ognyan alimkabidhi. Alichukua mkasi, akakata uzi mwekundu na mweupe uliokuwa mkononi mwake. Ilikuwa tarehe mosi Machi, na Dobrinka mwenyewe ndiye aliyemfunga asubuhi ile, kama alivyowafunga wote pale kwa kuwatakia afya. Uzi huo hauvuliwi mpaka mtu amwone korongo wa kwanza. Ognyan aliuacha mezani, akatoka.

Dobrinka aliinama kutafuta ushahidi. Pembeni mwa meza palikuwa na kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, kimenaswa kwa sumaku. Kazi yake ni kuhisi mtikiso na kuiambia kompyuta iongeze nguvu au ipunguze. Alipokigusa, kilicheza, hakikushika vizuri. Basi kilikuwa kikirukaruka chenyewe, na kompyuta, ikidhani ni meza nzima, ikaipunguzia meza nguvu.

Chini ya sumaku palikuwa na fundo la uzi, mwekundu na mweupe.

Ulikuwa uzi wake. Kila mwaka huifunga na meza pia, mguuni. Mwaka huu mguu ulikuwa umejaa grisi, naye kwa haraka akaufunga uzi kwenye waya wa kile kidude, fundo likateleza hadi chini ya sumaku. Angeweza kuung'oa na kuutia mfukoni, na nani angejua? Wazo lile lilimtia aibu kuliko kosa lenyewe. Akaung'oa, akaushika kiganjani, akampita Tonchev mbio, akamkuta Ognyan getini, akafumbua kiganja.

"Ni uzi wangu, mwanangu. Mimi ndiye niliyeiharibu meza. Nisamehe, twende nikamwambie mkuu mbele yako."

Ognyan aliutazama uzi.

"Meza uliipima kwa kahawa, shangazi," alisema. "Mimi ulinipima kwa nini?"

Dobrinka alibaki amenyoosha mkono, uzi ungali kiganjani.