Faili Lililokataa Kupungua

Mzee Chati, kama majirani walivyompachika jina, hakuwa na diski kubwa, hakuwa na subira, hakuwa na mke tangu mwaka juzi, na hakuwa na nafasi. Ndivyo alivyomjibu binti yake alipoomba kurudi nyumbani na mwanawe: nafasi hakuna. Chumba cha kushonea cha marehemu mkewe kilikuwa kitupu, cherehani ilishachukuliwa na jirani, lakini mlango ulifungwa na ufunguo alitembea nao mfukoni.

Kompyuta nayo ikamwambia yaleyale. Programu yake ya kununua na kuuza hisa ilikuwa ikihifadhi kila bei ya kila dakika, hata za kampuni asizozijali, zote katika faili moja la hifadhidata. Faili likanenepa hadi likajaza diski, na programu ikagoma kufunguka.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta mwenye mdomo usio na breki. Fundi alishauri faili lifutwe lote waanze upya. Bei za zamani hazimlishi mtu. Mzee akakataa katakata. Humo ndimo yalimokuwa maoni ambayo mkewe alizoea kuandika juu ya chati, akiwa ameketi kando yake na kikombe cha chai. Nakala nyingine hakuna.

Fundi alipoondoka, mzee akafungua zana ya matengenezo iliyokuja na programu, akafuta bei za dakika, kampuni baada ya kampuni, asubuhi nzima. Kutazama, faili lina unene uleule. Akajiuliza: au amefuta maneno ya mkewe akaacha takataka?

Fundi aliporudi alicheka hadi akashika meza.

"Shemeji, ukifuta, vitu vinatoka, ila nafasi yake inabaki imeshikiliwa. Faili halipungui mpaka ulibane."

"Imeshikiliwa na nani?"

"Na faili lenyewe. Ni tupu, lakini haiachiliwi."

Mzee akatia mkono mfukoni, akaugusa ufunguo.

Kubana kulihitaji mahali pa kuandikia nakala mpya, kwa hiyo fundi alichomeka diski yake ya nje. Kilichobaki kikaandikwa upya bila mapengo, wao wakitazama mstari ukijaa polepole kwenye kioo. Faili likatoka jembamba. Programu ikafunguka. Mzee akaitafuta chati ya kiwanda cha saruji, hisa alizozing'ang'ania kwa ukaidi hadi zikaporomoka. Maneno yalikuwepo: "Nilikwambia uuze. Sasa usinune, chai inapoa."

"Dada huyo," fundi alisema, na safari hii hakuongeza utani.

Mzee alichapisha maoni yote. Kisha akaandika kwa mkono, maana mambo mazito hakuyaamini kwenye simu: "Mwanangu, nafasi ipo. Njooni wote wawili. Mama yako anasema tusinune."

Akatia karatasi, akatia ufunguo, akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kiganja, akaipeleka posta mwenyewe kabla moyo haujageuka.