Sauti Kwenye Mashine ya Kukereza

Mjane aliomba kufundishwa kazi kwenye mashine ileile ya kukereza vyuma iliyomnasa mumewe na kumuua. Fundi mkuu alisita, kisha akakubali. "Shemeji, ukiogopa, sema," alimwambia.

Siku moja, akiwa ameinamia chuma kinachozunguka, alimsikia mumewe akimwita, "Mama Pacha." Alishtuka, akazima mashine. Ncha ya kitambaa chake cha kichwa ilikuwa imefunguka na kuning'inia karibu kabisa na chuma.

Fundi mkuu alikuja mbio, uso umemsawajika.

"Mbona umezima?"

"Nimesikia naitwa."

Fundi mkuu aliketi juu ya sanduku la vifaa. "Hata mimi nimemsikia, shemeji."

Hawakulizungumza tena. Mjane aliendelea kujifunza, na kila alipowasha mashine alitega sikio.