Shahidi wa Bibi Kahonzi

Bibi Kahonzi, mama wa baba yangu, alikuwa amekataa kubatizwa kwa miaka ishirini. Wachungaji watatu walikuja kijijini kwetu Vitengeni, wakahamishwa, wakamwacha vilevile. Kwa hiyo niliporudi nyumbani Desemba ya 1986, nimemaliza chuo kikuu na ninangoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha, nilidhani dada yangu Sidi ananitania.

"Jumapili anaingia lamboni," alisema, akinipokonya begi. "Na shahidi wake ni wewe."

"Mimi?"

"Si ndiwe uliyetuhubiria sisi sote hadi kuku? Leo umesahau?"

Lambo ni bwawa la kunyweshea mifugo, na kanisa letu lilibatizia humo mvua zikinyesha vizuri. Mtu mzima hakuzamishwa mpaka shahidi mmoja asimame mbele ya watu, aseme mambo mawili: kwamba imani hii ni kweli, na kwamba anayebatizwa ameacha mambo ya zamani. Bibi alimkataa kila shahidi aliyepewa. Alisema atamngoja Ngala, yaani mimi, kwa kuwa ndimi niliyemwambia habari za imani hii kwanza.

Ndani ya begi alilolibeba Sidi kulikuwa na kitabu. Nilikiazima kwa Njoroge, jirani yangu bwenini, kijana asiye na ubaya ila alipenda kuona watu wakibishana. Mwandishi wake alikuwa mchungaji wa nchi za mbali aliyeacha uchungaji. Nilikichukua ili nimjibu. Nilinunua daftari, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto nikaandika "Anasema", kulia "Jibu". Wiki ya kwanza upande wa kulia ulijaa hadi pembeni. Alisema Injili nne hazikubaliani ni wanawake wangapi walikwenda kaburini asubuhi ile. Nikajibu kwamba mashahidi wa kweli hawasimulii kwa sauti moja. Alisema mtu hufuata dini ya mahali alipozaliwa. Nikajibu, nikafuta, nikajibu tena. Kisha nikafika alipoeleza jinsi wahubiri walivyowaambia watu kwamba wafu wao ni mashetani, bila kuuliza hata swali moja juu ya wafu hao.

Hapo kalamu ilisimama. Upande wa kulia wa ukurasa ule ulibaki mweupe, na kurasa zilizofuata pia. Bado niliomba kila asubuhi. Sikujua tu ninazungumza na nani.

Nikiwa na miaka kumi na mitano, nimeokoka kwenye mkutano wa likizo, niling'oa koma ya babu. Koma ni kigingi cha mti kinachosimikwa kando ya nyumba kwa ajili ya mzee aliyefariki. Hapo ndipo humwagiwa mnazi, tembo la minazi, na kupewa habari za nyumbani. Niliing'oa mchana, bibi akiwa shambani, nikaitupa kichakani huku nikiimba. Bibi aliporudi hakunipiga. Alilitazama shimo, akaingia ndani. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida.

Jumamosi asubuhi aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na furushi la kaniki mapajani. Alipolifungua, koma ilikuwa mle, imeliwa na mchwa upande mmoja.

"Nilimwokota siku ileile," alisema. "Miaka minane amelala darini, juu ya mahindi."

"Bibi…"

"Ngoja. Mchungaji Dedan, huyu wa sasa, anataka nimchome kabla ya kesho. Mimi nataka kwenda alikokwenda baba yako Kombe. Mwanangu alizikwa na kanisa, akaimbiwa, mimi nikasimama mbali kama mgeni. Lakini huyu naye ni mume wangu. Basi sema wewe, msomi. Yale uliyoniambia ukiwa mtoto ni kweli? Ukisema ni kweli, kalete kiberiti."

Nilifungua mdomo. Ingetosha kusema ndiyo. Tangu utotoni nilikuwa nimeiombea siku hii.

"Sijui, bibi."

"Hujui nini?"

"Sijui kama ni kweli. Nilisoma kitabu, nikataka kukijibu, nikashindwa. Si kwamba naona ni uongo. Kuna siku naona ni kweli kabisa, hasa watu wakiimba. Kisha naamka kesho yake, sioni kitu."

Aliifunika koma kwa kaniki.

"Ulipokuwa na miaka kumi na mitano ulijua kila kitu. Umesomeshwa miaka minane, sasa hujui kitu. Wanawafundisha nini huko Nairobi?"

Sidi, aliyekuwa akipepeta mahindi karibu nasi, aliangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Yaani ulimng'oa mume wangu kwa jambo usilolijua."

Niligeuka nikatazama kichaka nilikoitupa.

"Ulimng'oa wewe," alisema. "Mrudishe wewe."

"Lakini bibi, hata hili siliamini…"

"Nimekuuliza unaamini nini? Jembe lile pale."

Nililitafuta shimo la zamani, sikuliona. Bibi alinionyesha kwa kidole cha mguu, bila hata kuangalia chini. Nilichimba, nikaisimamisha koma, nikaishindilia udongo. Sidi alileta mnazi ndani ya kata. Bibi akaniambia nimwage, niseme.

"Niseme nini?"

"Mwambie wewe ni nani. Alikufa hujazaliwa."

"Mimi ni Ngala," nilisema, "mtoto wa Kombe. Ndimi niliyekung'oa." Nilihisi ninatenda dhambi, wala sikujua ninamkosea nani. Mnazi ulizama udongoni mara moja.

"Na kesho?" niliuliza.

"Kesho naingia majini."

"Nami nishuhudie nini?"

"Hilo ni lako," alisema, akakunja kaniki yake.

Jumapili ng'ombe walisogezwa upande wa pili wa lambo, watu wakajipanga ukingoni. Mchungaji Dedan, mtu mpole wa bara aliyejifunza Kigiriama hadi akaweza kutaniana na wazee, alikuwa majini hadi kiunoni. Bibi alisimama maji yakimfika magotini, katika kanzu nyeupe, na bakora yake mkononi.

"Nani anamshuhudia mama huyu?"

Nilisogea mbele.

"Imani hii ni kweli?"

Nilimtazama bibi. Alikuwa akiwatazama ng'ombe.

"Natumaini ni kweli," nilisema.

Watu walinong'ona. Mchungaji alitabasamu, labda akadhani nina haya. "Na ameacha mambo ya zamani? Koma imechomwa?"

"Imesimikwa tena. Nimeisimika mimi, jana."

Tabasamu lake lilifutika. "Wewe, Ngala? Kwa nini?"

"Kwa sababu niliing'oa bila kujua. Na bado sijui, Mchungaji."

Hapo wazee wa kanisa wakaanza kubishana. Mzee mmoja alisema bibi atolewe, arudi mwakani. Mwalimu Dzombo wa kwaya alisema kosa ni langu, bibi hana hatia. "Mbatizeni bibi," mwanamke mmoja akapaza sauti, "mjukuu arudishwe darasa la watoto!" Watu wakacheka. Mchungaji Dedan alifungua kitabu chake kidogo cha ibada, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kana kwamba jibu liliandikwa mahali akasahau ni wapi.

"Mama Kahonzi," alisema mwishowe, "wewe wasemaje?"

"Mimi nimeshaingia majini," bibi alijibu. "Semezaneni. Ila msikawie, miguu yangu haina nguvu."

Niliona bakora yake ikizama kwenye tope. Niliingia majini na viatu vyangu, nikamshika kiwiko.

"Umeniharibia," alisema kwa sauti ya chini.

Nilirudi nyuma hatua moja. Vidole vyake vikanibana mkono hadi ukaniuma.

"Sasa unakwenda wapi? Nishike."